Mtakatifu Aliyenuka Jibini

Inspekta Ghislain Perrachon wa polisi ya Lyon alijigamba mbele ya mashahidi wawili, saa tatu asubuhi, gari lilipokuwa bado halijatoka mjini. Jumamosi hiyo, alisema, hatamwuliza binadamu yeyote swali. Hata "Ni saa ngapi?" hatauliza. Daftari lake la kazi limebaki nyumbani, na akili yake ya kazi imebaki humo ndani ya daftari.

Ilipofika saa tano na nusu alikuwa amepiga magoti katika ukumbi mwembamba wa nyumba ya watu, kijijini Sarcenay, mbele ya kishubaka kitupu, na alikwishauliza maswali kumi na manne. Mke wake ndiye aliyeyahesabu.

Kishubaka kilichimbwa ukutani, kimo cha kifua. Ndani yake vumbi lilikuwa limezunguka duara moja safi, ukubwa wa kisosi. Saa moja kabla ya hapo, juu ya duara lile alisimama Mtakatifu Visenti, msimamizi wa wakulima wa mizabibu: sanamu ya mti, urefu wa chupa, pua imelika, kishada cha zabibu mkononi. Sasa hayupo.

"Mlango huu wa uchochoroni hufungwa?" aliuliza Inspekta. La kumi na tano.

"Nimeufunga kwa mkono huu," alisema Bibi Fernande Buisseret, akauonyesha mkono wenyewe, mweusi wa juisi ya zabibu hadi kwenye kifundo.

"Lakini umeukuta wazi."

"Nimeukuta wazi."

Kitasa hakikuvunjwa. Hakuna mkwaruzo. Inspekta alipapasa mfuko wa koti akitafuta daftari, akakuta leso, akaitazama leso ile kama imemtukana.

Hebu turudi nyuma kidogo, maana safari ile haikukusudiwa kuwa ya kazi. Ilikuwa ni miaka ishirini tangu Inspekta amwoe Maryvonne. Daktari alishamwambia apumzike, la sivyo moyo wake utapumzika kwa niaba yake. Basi Maryvonne akakodi gari na dereva wa kuwatembeza siku nzima kwenye vijiji vya mlimani vyenye nyumba za mawe ya manjano: waonje divai huku, wale kule, watazame mandhari, warudi jioni. Dereva aliitwa Baptistin, mwanamume wa miaka thelathini na moja, mcheshi, mtanashati, anayeijua milima ile kama kiganja chake, na ambaye sifa zake nyingine nitaziacha kwa sababu ya unyenyekevu.

Njiani Inspekta hakutulia. Goti lake lilitikisika mpaka kiti cha mbele kikawa kinalalamika. Upepo wa vuli nao ulikuwa hivyo hivyo, unakimbiza majani mekundu barabarani, unayaacha, unayarudia.

Saa nne walifika kwa Bibi Fernande, mjane wa miaka sabini na moja, mfupi, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Aliwashusha kwenye ghala lake la chini ya ardhi, akamimina, kisha akasimama kumnusa Maryvonne kuanzia shingoni.

"Mama, unanukia vizuri sana," alisema. "Toka nje."

Maryvonne alikuwa amenunua marashi mapya kwa ajili ya siku ile. Ilibidi anywe divai yake akiwa amesimama mlangoni kwenye upepo, huku Bibi Fernande akimweleza kutoka ndani kwamba penye divai hapaingii marashi, wala sigara, wala sabuni ya maua, kwa kuwa pua ikishughulishwa na hayo haisikii kitu kingine. Na ashukuru kuwa ameangukia kwake. Kwa Anselme Dutraive, pale juu, angefukuziwa mbwa. Anselme ndiye pua ya mlima mzima. Aliwahi kumtoa askofu ghalani akanawe uso kwa sababu ya dawa ya kunyolea.

Baadaye akawaonyesha Mtakatifu Visenti kwa fahari. Sanamu ile haina nyumba yake. Kila mwaka hulala kwa mkulima mmoja, na Jumamosi ya mwisho ya mavuno, saa kumi alasiri, huhamia kwa mwingine. Leo ndiyo Jumamosi yenyewe. Inatoka kwa Fernande, inakwenda kwa Anselme. Kijiji kizima kitafuata nyuma na tarumbeta.

Saa tano kamili aliwapandisha wageni wake shambani kutazama vishada vya mwisho. Baptistin alibaki kulinda gari. Waliporudi baada ya dakika ishirini, mlango ulikuwa wazi na kishubaka kitupu.

Bibi Fernande hakupiga kelele. Hilo ndilo lililomtisha Inspekta. Aliketi kwenye ngazi akaweka mikono magotini.

"Nyumba inayompoteza Visenti hufutwa," alisema. "Jina lipo kwenye ubao kanisani. Wanalikwangua kwa patasi. Jina letu liko pale tangu babu wa babu yangu. Waliwahi kukwangua la akina Morel, Visenti alipoungua kwao. Walihama mlima, wote, mpaka bibi kizee wao. Hawakufukuzwa na mtu. Walishindwa tu kupita pale kanisani."

Inspekta alitazama saa. Zimebaki saa nne na nusu.

"Ghislain," alisema Maryvonne polepole. Alitaka kumkumbusha ahadi. Kisha akamtazama yule bibi ngazini, akafungua mkoba, akamtolea mumewe kalamu ya wanja na kijitabu cha anwani. "Andika humu. Lakini usinichafulie ukurasa wa mama."

Alipiga simu kituo cha askari cha wilaya kwanza, maana yeye ni polisi wa Lyon na hapo hana mamlaka hata ya kukamata kuku. Wakamwambia askari wote wako kwenye mashindano ya baiskeli. Watafika saa kumi na moja. Akakata simu. Goti lilikuwa limetulia kabisa.

Mtu wa kwanza kuhojiwa alikuwa mkwe wa Bibi Fernande, Régis, mwuza samani kuukuu mjini, ambaye wakati wa mavuno huja kusaidia na hutukanwa kila siku kwa namna anavyosaidia.

"Ulikuwa wapi kuanzia saa tano?"

"Uani. Naosha mashine ya kukamulia."

"Nani alikuona?"

"Mashine."

"Ufunguo wa mlango huu hukaa wapi?"

"Msumarini, nyuma ya ubao wa dirisha."

"Nani anajua?"

"Sisi wa nyumbani," alisema Régis, na hapo hapo akatambua alichokisema.

"Mama mkwe wako anasema mwezi uliopita uliuliza umri wa sanamu."

"Bwana Inspekta, mimi nauza vitu vya zamani. Kitu chochote kikikaa mbele yangu nauliza umri wake. Hata mama mkwe nilimwuliza wake. Akanitupia upawa."

Bibi Fernande hakucheka. Alikuwa anamtazama mkwe wake kwa jicho jipya, jicho la kupima. Mlango haukuvunjwa, ufunguo unajulikana na wa nyumbani tu, na wa nyumbani waliokuwepo ni mmoja. Hesabu hiyo haihitaji polisi. Régis aliona jicho lile, akafunga bomba la maji. Akasema kwa sauti ya chini kwamba miaka tisa amekuwa akingoja siku mama mkwe atamwita mwanangu, na sasa anaona atangoja zaidi.

Ingekuwa kheri kama mtu yeyote angesema neno wakati ule. Dereva Baptistin, kwa mfano, alikuwa hatua tano tu kutoka pale, anakagua upepo wa tairi moja kwa makini makubwa, anamung'unya pipi za mnanaa.

Inspekta alirudi eneo la tukio. Alama za vidole zilikuwa nyingi mno, za nyumba nzima na za karne nzima. Kando ya kishubaka palikuwa na mlango wa stoo ya chakula, na kutoka humo ilimjia harufu iliyomfanya arudi nyuma hatua moja.

"Nini kimekufa humu?"

"Hakijafa. Kinaiva," alisema Bibi Fernande kwa ukali. Lilikuwa jibini lake, mabaki ya jibini aina nne yaliyopondwa pamoja na pombe kali ya maganda ya zabibu, yakawekwa mtungini wiki tatu. Lina sifa zake. Likifika wiki ya pili paka huhama. Kisha yule bibi akainama juu ya mtungi, akakunja uso. "Kitambaa changu kiko wapi?"

Mtungi ulikuwa wazi. Kitambaa kikubwa cha kufunikia, kilicholoa jibini lile muda wote huo, hakikuwepo. Na jibini lenyewe lilikuwa na shimo upande mmoja, ila hilo hakuna aliyelitilia maanani, na sisi pia tusilitilie.

"Mwizi amemfunga sanamu kwa kitambaa hicho," alisema Inspekta. "Basi ananuka. Leteni mikono."

Akawanusa wote. Mikono ya Bibi Fernande ilinuka zabibu. Ya Régis ilinuka sabuni na maji ya bomba, jambo ambalo lilimweka pabaya zaidi, kwa kuwa mwizi mwenye akili ndivyo angefanya. Baptistin naye alinyoosha yake bila kusita. Alikuwa amevaa glavu zake za ngozi za kuendeshea, zikanuka ngozi, akapita.

Mchana ule hakuna aliyekula. Mezani kulikuwa na soseji ya moto na viazi, vikapoa. Inspekta alitembea ukumbini kwenda na kurudi, hatua kumi na moja, hatua kumi na moja. Aliwaza samani za Régis, gari la Régis, buti la gari la Régis ambalo alilipekua mara mbili na kukuta viti vitatu vya karne iliyopita na soksi moja. Nje, watu walianza kutundika mashada ya majani ya mizabibu juu ya milango. Kila nyundo iliyogonga ilimfanya Bibi Fernande afumbe macho.

Saa nane unusu Inspekta aliamua kupanda kwa Anselme Dutraive. Mtu anayengoja mgeni ana haki ya kujua kwamba mgeni hayupo. Maryvonne alimfuata.

Nyumba ya Anselme ilikuwa ya mwisho mlimani, na mlangoni mwa ghala palikuwa na kibao cha miaka mingi: MWENYE MARASHI ABAKI NJE. Maryvonne alikisoma, akabaki nje mwenyewe bila kuambiwa, amechoka kufukuzwa.

Anselme alitoka, mzee mrefu, mwembamba, amefunga kitambaa cheusi cha msiba mkononi. Aliwasalimia kwa heshima, akamwona Maryvonne amesimama kwenye upepo. "Mama, utapigwa baridi bure," alisema. "Karibu ndani."

Aliwamiminia divai. Inspekta akampa habari ya wizi, na Anselme akainamisha kichwa, akasema ni aibu kubwa, ni huzuni kubwa, na leo basi hapatakuwa na sherehe. Saa tano alikuwa wapi? Hapa hapa, na mapipa yake. Nani alimwona? Mzee alitabasamu kidogo. Tangu Februari hakuna wa kumwona.

Mle ndani palikuwa na harufu nzito. Inspekta aliisikia, akadhani ni chakula cha mchana cha mjane asiyejua kupika. Akashukuru, wakaondoka. Alikuwa tayari anawaza tena buti la Régis.

Katikati ya mteremko Maryvonne alisimama.

"Hakunifukuza," alisema.

"Nani?"

"Yule mzee. Askofu alitolewa akanawe uso. Mimi nimejimwagia nusu chupa, hata wewe unapiga chafya tangu asubuhi, na ameniambia karibu ndani."

"Ni mpole."

"Pua ya mlima mzima haiwezi kuwa mpole, Ghislain. Na koti lake, hukulisikia? Linanuka kama ule mtungi. Mtu wa divai anapokea wageni huku ananuka jibini lile. Fernande mwenyewe huligusa kwa kijiko kirefu, mkono umenyooshwa, nimemwona. Huyu amelikumbatia, na hajui."

Inspekta alifungua kinywa kuuliza swali. Akaona halina haja. Wakageuka.

Walimkuta Anselme ameketi juu ya pipa. Maryvonne aliomba bilauri ya divai, akampa kisogo kidogo, kisha akamrudishia yeye mwenyewe.

"Mzee wangu, nimesikia habari za pua yako tangu asubuhi. Nisomee hii. Nusa tu, usinywe."

Anselme aliizungusha bilauri, akaingiza pua, akafumba macho. Ulikuwa mwendo wa fundi, mkono haukutetereka.

"Plamu," alisema. "Jiwe lililonyeshewa. Moshi kidogo, mwishoni kabisa."

Maryvonne alimsogelea.

"Nimemwaga marashi yangu yote yaliyobaki humo ndani, mzee," alisema Maryvonne.

Anselme aliiweka bilauri juu ya pipa taratibu, kama mtu anayeweka yai.

"Tangu lini?" aliuliza Inspekta.

"Miaka miwili. Ile homa. Nilipona kila kitu isipokuwa pua. Kahawa, moshi, mbwa, kila kitu ni maji."

"Nani alijua?"

"Léonie. Mke wangu." Aligusa kitambaa mkononi. "Alikuwa anashuka nami hapa. Mimi namimina, yeye ananusa, ananiambia sikioni, mimi namtangazia mnunuzi. Tulicheka sana. Tulikuwa kama wezi wawili. Februari akafa. Mavuno haya nimeyafanya kwa kukumbuka tu. Nagusa, natazama rangi, nasikiliza pipa linavyochemka. Sijui nimetengeneza nini humu. Inaweza kuwa siki."

"Na leo saa kumi?"

Anselme alieleza, akitazama sakafu. Anayempokea Visenti husimama mlangoni mwake mbele ya kijiji kizima. Huletewa bilauri saba kutoka maghala saba, na kabla hajamshika mtakatifu lazima azinuse na kuitaja kila moja ni ya nani. Ni mchezo, watu hucheka, wengi hukosea tatu au nne. Lakini yeye si wengi. Yeye ni Anselme.

"Ningekosea zote," alisema. "Na wangejua. Mkulima asiye na pua, nani atanunua pipa lake? Wangenionea huruma kila asubuhi mpaka nife."

"Kwa hiyo ukaiba."

"Nilishuka kumwambia Fernande ukweli. Naapa. Nilimwambia mara kumi njiani, peke yangu. Nikafika, mlango uko wazi, hakuna mtu. Visenti ananitazama. Mtungi kando hauna kifuniko, kitambaa kimetupwa pembeni. Mkono ulifanya wenyewe. Nilitaka kumrudisha kesho, kwenye ngazi za kanisa. Siku moja tu, Bwana Inspekta. Nilitaka ipite siku moja."

"Siku moja ya kumfuta Fernande ubaoni. Na mkwe wake kuitwa mwizi."

Mzee alifunika uso kwa mikono. Hapo ndipo mikono ilipomwambia Inspekta kila kitu, maana mtu mwenye pua asingeweza kuiweka pale.

Mtakatifu Visenti alikuwa pembeni, chini ya kikapu cha kuvunia kilichopinduliwa, amefungwa kitambaa kama mtoto mchanga. Inspekta alipomfungua ilibidi ageuke upande.

Bibi Fernande aliitwa. Alipanda mlima kwa hasira, Régis nyuma yake, na Baptistin nyuma ya Régis akibeba kiti endapo bibi atachoka. Alisikiliza habari yote akiwa amesimama. Inspekta akamwambia kwamba mlalamikaji ni yeye. Askari wanafika saa kumi na moja, na atakachosema ndicho kitakachoandikwa.

Bibi Fernande alimsogelea Anselme mpaka viatu vikagusana.

"Miaka arobaini," alisema, "unawaambia watu divai yangu inanuka mbwa aliyelowa. Mimi ninalia jikoni. Na miaka hii miwili ulikuwa hujui hata inanukaje?"

"Nilikuwa nakisia," alisema Anselme.

"Kisia tena."

"Fernande, nisamehe."

"Sijakuambia uombe. Nimekuambia ukisie." Machozi yalikuwa yanamshuka, na alikuwa anayafuta kwa ukali kama anayachapa. Kisha akamgeukia mkwe wake. Neno lenyewe lilikuwa geni kinywani. "Mwanangu, mbebe Visenti. Kamwoshe. Tuna dakika ishirini."

Régis alimchukua mtakatifu kwa mikono miwili, akateremka mbio, na kwa mara ya kwanza siku ile alikuwa haangalii chini.

Saa kumi kamili kijiji kilikuwa mlangoni mwa Anselme, na tarumbeta, na watu wa mstari wa mbele wakijiuliza harufu ile inatoka wapi. Bilauri saba zilipangwa. Anselme aliitazama ya kwanza, kisha akawatazama watu, akasema kwa sauti iliyofika hadi nyuma kwamba hawezi. Pua imekufa miaka miwili. Aliyekuwa ananusa ni Léonie.

Bibi Fernande alichukua bilauri mwenyewe. Alinusa ya kwanza, akaitaja. Ya pili, akaitaja. Alipofika ya tano alinusa, akanusa tena, akasonya.

"Hii ni yako, Anselme. Ya mwaka huu, kutoka pipani."

Mzee aliuma mdomo. "Ni siki?"

"Ni nzuri," alisema Bibi Fernande. "Inaniuma kusema. Ni nzuri kuliko yangu. Sasa pokea mtakatifu wako kabla sijabadili mawazo, na kila Jumatatu nitapanda hapa kukunusia. Ukithubutu kuniambia mbwa aliyelowa, namrudia Visenti."

Askari wa wilaya walifika na vumbi la baiskeli, wakakuta hakuna mlalamikaji, hakuna mtuhumiwa, kuna divai. Waliandika kwamba sanamu ilikosekana kwa muda na ikapatikana. Kesi ikaishia hapo.

Hapo ndipo ilipofaa kuishia, na mimi kwa upande wangu nilikuwa nimeridhika kabisa. Lakini Inspekta Perrachon alikuwa ameketi ukingoni mwa kisima, bilauri mkononi, na goti limeanza tena kutikisika.

"Kuna kitu kimoja," alimwambia mkewe. "Anselme aliukuta mlango wazi. Fernande aliufunga. Régis hakuugusa. Mtungi ulikuwa tayari umefunuliwa. Nani alifungua?"

Baptistin alipendekeza waondoke, maana giza huingia mapema mlimani. Alikuwa tayari ameshawasha injini.

Ndipo gari la mikate lilipopanda kilima. Bibi Huguette, mwuza mikate, alikuwa ameegesha uchochoroni kwa Fernande asubuhi ile, kisha akaenda vijiji vya bondeni mchana kutwa, asisikie lolote. Aliposimuliwa kisa, alishusha vikapu vyake vya mikate ya sherehe kimoja kimoja, bila haraka.

"Mlango wa Fernande? Mbona nimemwona aliyeufungua," alisema. "Saa tano na dakika tatu. Alichukua ufunguo msumarini kama wake, maana huleta wageni hapa kila Jumamosi, anajua kila kitu. Akatoka mashavu yamejaa kama mpiga tarumbeta, analamba vidole, mlango ameuacha unapigwa na upepo. Nikasema, leo jibini la Fernande limepata mteja. Kisha akavaa glavu zake." Akainua kidole. "Si huyo hapo?"

Bibi Fernande aligeuka. Maryvonne aligeuka. Régis, ambaye alikuwa ametuhumiwa saa nne nzima huku mtu hatua tano kutoka kwake akikagua tairi, aligeuka polepole kuliko wote.

Inspekta alifungua kijitabu cha anwani, akalamba ncha ya kalamu ya wanja, akasogea mpaka dirishani pa gari.

"Vua glavu," alisema. "Jina kamili?"

Baptistin Clavel, miaka thelathini na moja, dereva. Na kwa kuwa kidole cha Bibi Huguette hakikutetereka hata kidogo, na wote mmeshanitazama, basi nami sina la kuficha: msimulizi.